Binti wa Nani, Mke wa Nani

Hadi tarehe 4 Mei 2021, bibi harusi wa Uingereza au Wales alikuwa na baba lakini hakuwa na mama. Ndivyo cheti chake cha ndoa kilivyosema. Tangu Julai 1837, serikali ilipoanza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo, cheti hicho kiliuliza jina na kazi ya baba wa bwana harusi, kikauliza jina na kazi ya baba wa bibi harusi, kikaishia hapo. Kwa miaka karibu 184 mama mzazi alikaa kanisani, akatoa machozi na zawadi, ila kwenye hati hayumo. Ukivuka mpaka tu kuingia Scotland, mambo yalikuwa mengine. Huko uandikishaji wa serikali ulianza 1855, na tangu mwanzo cheti cha ndoa kilitaka jina la mama wa kila upande, tena pamoja na jina la ukoo alilozaliwa nalo. Cheti cha kifo nacho kiliwataka wazazi wote wawili wa marehemu. Bunge lilikuwa moja na malkia mmoja, lakini madaftari yalikuwa na fikra mbili kuhusu mtu ni wa nani.

Tofauti hiyo ya majirani inatosha kumtahadharisha anayetaka kufuatilia nasaba ya mwanamke wa kawaida wa mashambani Uingereza. Simsemi bibi wa jumba kubwa, ambaye ukoo wake ulitunzwa na maofisa wa kifalme wa nembo. Namsema mke wa kibarua wa shamba, mtumishi wa ndani, dobi wa kijiji, au wale wanawake wa Bedfordshire na Hertfordshire waliosuka ukili wa mabua ya ngano kwa ajili ya washonaji kofia wa Luton. Kitabu cha ukoo wao hakipo, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona haja ya kukiandika. Kilichopo ni kumbukumbu za watu wengine waliokuwa na shughuli zao: kasisi, karani wa parokia, msimamizi wa maskini, karani wa sensa. Mwanamke huonekana pale tu njia yake ilipokatiza shughuli hizo.

Kongwe kati ya kumbukumbu hizo ni madaftari ya parokia. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliagiza kila parokia iandike ubatizo, ndoa na maziko. Mwaka 1598 ikaamriwa madaftari ya karatasi yanakiliwe kwenye ngozi, hasa kuanzia 1558, mwaka ambao Elizabeth I alishika kiti. Makarani wengi walilishika neno hilo “hasa”, wakaacha miaka ya nyuma bila kuinakili.

Uvivu huo halali unaweza kuonekana kwa Anne Hathaway, binti wa mkulima wa Shottery, nje kidogo ya Stratford. Daftari la Stratford linaanza 1558. Bamba la shaba juu ya kaburi lake linasema alifariki tarehe 6 Agosti 1623 akiwa na umri wa miaka 67, kwa hiyo alizaliwa mapema mno, na ubatizo wake hatunao. Tazama sasa anavyojitokeza baadaye. Wosia wa baba yake wa 1581 unamwachia Agnes fedha za siku ya harusi yake. Majina Agnes na Anne yalikaribiana kwa matamshi ya wakati ule, na mtu mmoja aliweza kuitwa hili au lile. Tarehe 27 Novemba 1582 karani wa askofu wa Worcester akaandika kibali cha ndoa ya William Shakespeare na Anne Whateley wa Temple Grafton. Kesho yake wakulima wawili wakaweka dhamana kwa ndoa hiyo hiyo, na humo bibi harusi ni Anne Hathwey wa Stratford. Watafiti wengi wanaona Whateley ni kalamu ya karani iliyoteleza. Alipozikwa, daftari likamtaja kwa jina la mumewe tu. Majina manne kwa mwanamke mmoja, na huyu ni mke wa Mwingereza aliyechunguzwa kuliko waandishi wote wa nchi ile! Ni kwenye bamba la kaburi tu, katika beti za Kilatini zilizochorwa chini ya tarehe, ndipo mtoto anapomsemesha kama mama aliyempa maziwa na uhai.

Sasa twende Korea. Miaka 62 kabla ya agizo la Cromwell, mnamo 1476, ukoo wa Kwon wa Andong ulichapa kitabu chake cha nasaba, ambacho ndicho kongwe kati ya vitabu vya namna hiyo vilivyosalia kamili. Hapa mwandishi ni ukoo wenyewe, na unajiandikia kwa ajili ya watu wake. Watoto wamepangwa kwa kufuata walivyozaliwa, wa kiume na wa kike kwa mchanganyiko, na vizazi vya mabinti vinafuatiliwa pamoja na vya wana. Binti aliyeolewa mara ya pili, mume wa pili naye ameandikwa bila aibu yoyote. Lakini binti mwenyewe hana jina: mahali pake amesimamishwa mume wake. Kwa hiyo msomaji wa kitabu cha Andong anaweza kumjua mwanamke kwa babu, ndugu, mume na wajukuu asijue aliitwaje, ilhali msomaji wa daftari la kijiji cha Kiingereza anajua aliitwa Ann, na zaidi ya hapo hajui kitu.

Hali ya Korea haikubaki ilivyokuwa. Kuanzia karne ya 17, maadili ya Konfusio yalipozidi kushika mizizi katika mambo ya mirathi na matambiko, vitabu vya koo vikaanza kutanguliza wana hata kama mabinti ndio wakubwa, na vizazi vya mabinti vikakatwa mapema. Anayedhani kwamba kadiri miaka inavyosonga ndivyo mwanamke anavyozidi kuonekana kwenye maandishi atakwama hapa. Sambamba na vitabu vya koo, serikali ya Joseon, ufalme wa Korea wa enzi hizo, ilikuwa na madaftari yake ya kaya, yaliyoandikwa upya kila baada ya miaka mitatu. Hayo yaliuliza wazee wanne wa mwenye kaya na wanne wa mkewe: baba, babu, baba wa babu, na babu mzaa mama. Afisa wa Kikorea wa karne ya 17 aliuliza habari za upande wa mama ambazo msajili wa ndoa wa Kiingereza wa mwaka 2020 hakuziuliza.

Hata hivyo Uingereza ilikuwa na mahali ilipomsikiliza mwanamke maskini kwa makini kuliko nchi nyingi: mbele ya hakimu, pale mfuko wa parokia ulipokuwa hatarini. Sheria ya 1601 iliilazimisha kila parokia kuwatunza maskini wake kwa kodi ya wenyeji, na ya 1662 ikaipa njia ya kuwarudisha makwao maskini wasio wake. Tangu hapo swali la mtu ni wa wapi likawa swali la fedha. Mwanamke akiolewa alichukua haki ya makazi ya mumewe, hivyo mjane aliyeomba unga aliweza kupakiwa kwenye gari la farasi na watoto wake na kupelekwa kijiji cha marehemu ambacho hajawahi kukikanyaga. Lakini kabla ya kupelekwa, ilibidi aapishwe na kuhojiwa.

Maelezo hayo ya kiapo, yaliyotunzwa katika kasha la parokia na sasa katika hifadhi za nyaraka za wilaya, ndiyo tawasifu fupi za watu wasioandika tawasifu. Mwanamke anaeleza alikozaliwa, shamba aliloajiriwa akiwa msichana, alikaa kwa nani na kwa ujira gani, aliolewa lini na katika kanisa lipi, watoto wake ni nani na wana umri gani. Karani anaandika kwa lugha ya sheria, kila jina likifuatwa na “aliyetajwa hapo juu”, na chini kabisa mwanamke anaweka alama ya msalaba kwa mkono wake. Kila swali lina sababu. Mtumishi asiye na ndoa aliyemaliza mwaka mzima kwa mwajiri mmoja alipata haki ya makazi parokiani pale, ndiyo maana wakulima wajanja waliwaajiri wasichana kwa wiki 51. Mjamzito asiyeolewa aliharakishwa avuke mpaka, kwani mtoto wa nje ya ndoa kwa kawaida alihesabiwa wa parokia alimozaliwa. Sheria ya 1733 ilimtaka amtaje baba wa mtoto kwa kiapo, na aliyetajwa alitoa dhamana ya matunzo au akaingia jela. Daftari la ubatizo likiwa limeandika “mwanaharamu” na kunyamaza, hati ya dhamana mara nyingi inamtaja baba kwa jina, kijiji na kazi.

Matokeo yake ni ya ajabu kidogo. Mwanamke aliyeolewa vizuri, asiyeomba kwa mtu, asiyeshtakiwa, anaacha mistari mitatu: alibatizwa, aliolewa, alizikwa. Mwenzake aliyebebeshwa mimba na kijana wa shamba jirani akafukuzwa kazini anaacha kurasa nzima. Katika vitabu vya ukoo vya Korea na China huyu wa pili ndiye angefutwa kwanza, na yule wa kwanza angepewa nafasi ya heshima pembeni mwa mumewe. Mimi, nikilazimishwa kuchagua, nazithamini zaidi hati za maskini, kwa sababu hakuna aliyekuwa na haja ya kuzipamba. Mwishoni mwa enzi ya Joseon watu wenye fedha walinunua nafasi katika vitabu vya koo za mabwana, na matajiri wa Kiingereza nao walitungiwa mababu na maofisa wa nembo. Nani angeghushi ombi la unga?

Msomaji wa pwani yetu huenda ameshaanza kufikiria shajara, yaani miti ya nasaba, za masharifu, na ulinganisho huo ni wa haki. Ahmad bin Isa, aitwaye al-Muhajir, aliondoka Basra katika karne ya 10 akafikia Hadhramaut, na katika kizazi chake zimo koo zilizosambaa hadi Lamu, Komoro na Unguja, kama Jamal al-Layl na Bin Sumeit. Shajara hizo hufuata wanaume, na kwa kawaida binti hachipui tawi. Lakini mnyororo mzima, ukiurudisha nyuma hadi kwa Hussein bin Ali, unapita kwa mwanamke mmoja, Bi Fatma binti wa Mtume, na bila yeye hakuna sharifu hata mmoja. Tena mwanamke wa mapokeo haya haachi jina kwa sababu ya kuolewa: binti wa fulani bin fulani hubaki hivyo akiwa mke, mjane au mtalaka. Sheria ya mirathi nayo inamtafuta, kwani kadhi hawezi kugawa mali asipowahesabu binti, mke na mama, kila mmoja na fungu lake. Hati za Zanzibar za karne ya 19 zimejaa wanawake wenye nyumba, mashamba na wakfu. Kwa Mwingereza, hadi sheria za 1870 na 1882 zilipombadilishia hali, ndoa iliitia mali yake mikononi mwa mume, na bila ridhaa ya mume hakuwa na wosia wenye nguvu. Ndiyo maana wasia wa wajane na wanawari wazee ni wa kawaida katika hifadhi za Kiingereza, na wa wake za watu ni adimu.

Mizani isiegemee upande mmoja, lakini. Shajara haikumpa nafasi mtumwa wa nyumba hiyo hiyo. Mtoto wa suria alihesabiwa wa baba yake sawa na ndugu zake, ila ukoo wa mama, huko bara alikotolewa, haukuandikwa popote. Daftari la parokia ya Kiingereza, pamoja na ukavu wake wote, liliweka binti wa bwana shamba na binti wa kibarua kwenye ukurasa mmoja, mstari juu ya mstari, kwa wino ule ule. Shajara hujibu swali la heshima ya mtu itokako, na daftari hujibu swali la nani yumo katika kundi la kasisi. Kila moja ilijibu vizuri lililoulizwa.

Iceland ilikwenda njia ya tatu, ambako ukoo na dola vilikutana. Kule mtoto huitwa kwa jina la baba, wakati mwingine la mama, likiongezwa neno la mwana au binti, na mwanamke akiolewa jina lake halibadiliki. Mwaka 1703 Árni Magnússon na Páll Vídalín, kwa amri ya mfalme wa Denmark, walisimamia sensa iliyoandika kila mkazi wa kisiwa kwa jina, umri na nafasi yake katika kaya, ombaomba wakiwemo. Walipatikana watu 50,358. Sensa ya kwanza ya Uingereza, ya 1801, ilitaka idadi tu, na ile iliyowaandika watu wote kwa majina ilisubiri hadi 1841, miaka 138 baada ya Iceland. Hata hiyo ya 1841 iliwapunguzia watu wazima umri hadi kwenye tano iliyo karibu chini: mwenye miaka 34 akawa wa 30. Kwa hiyo mwanamke mtumishi wa shamba la Iceland wa karne ya 18 anaweza kufuatiliwa kwa jina moja kutoka utoto hadi kaburi. Mwingereza wa wakati huo huo humpotea mtafiti siku ya harusi, kwa sababu daftari la ubatizo wa watoto wake linasema “wa John na Ann” bila kumkumbusha mtu Ann alitoka kwa nani. Na vijijini, Mary, Elizabeth na Ann walijaa kila kona.

Si kwamba Waingereza wenyewe hawakuliona pengo. Katika miaka ya 1770 kasisi mmoja wa York, William Dade, alianza kuandika ubatizo kwa namna yake: mtoto wa ngapi, baba na wazazi wake, mama na wazazi wake, kila mmoja na kijiji chake. Askofu mkuu akapendezwa, na mtindo ukaenea katika sehemu za dayosisi. Makasisi wenye parokia kubwa walinung'unika kwa wingi wa kazi. Kisha sheria ya 1812 ikaleta daftari lililochapwa kwa nchi nzima, lenye safu ya kazi ya baba na lisilo na safu ya ukoo wa mama. Mtu ambaye mama wa bibi yake alibatizwa Yorkshire wakati wa Dade anapata kwa dakika moja kile ambacho jirani yake wa Sussex hukihangaikia maisha yake yote.

Baada ya hapo maarifa juu ya mwanamke yaliingia kwa mlango wa nyuma. Safu ya kazi katika sensa za karne ya 19 mara nyingi ni tupu kwa mke wa kibarua, ingawa alivuna, alipalilia na kuokota mawe shambani kwa msimu. Sensa ya 1911 ilimuuliza mwanamke mwenye mume alizaa watoto wangapi hai, wangapi wapo na wangapi wamekufa. Wajane hawakuulizwa, lakini wengi walijaza hata hivyo, na karani akapiga mstari juu ya majibu yao, ambayo bado yanasomeka chini ya mstari huo. Sensa ya 1931 iliungua yote mwaka 1942, ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita, na pengo likazibwa na rejista ya Septemba 1939 iliyoandaliwa kwa ajili ya vitambulisho. Kwa kuwa rejista hiyo iliendelea kutumiwa na huduma ya afya, makarani waliongeza jina jipya la kila msichana aliyeolewa juu ya lile la zamani, na hivyo, bila kukusudia, binti na mke wakakutana kwenye mstari mmoja.

Hata mfalme alihitaji njia hiyo ya wanawake. Mifupa iliyofukuliwa Leicester mwaka 2012 ilithibitishwa kuwa ya Richard III, tangazo likatolewa Februari 2013, kwa msaada wa chembe za urithi zinazopita kwa mama pekee. Waliolinganishwa naye ni wazao wa dada yake Anne, mabinti wa mabinti wa mabinti, jina la ukoo likibadilika karibu kila kizazi. Kazi ya maabara ilikuwa fupi ikilinganishwa na ya kuwafuata wanawake hao kwenye hati, na mwishoni mwa mstari mmoja alisimama fundi samani wa London mzaliwa wa Kanada.

Yupo mwanamke mmoja wa shamba ambaye kumjua hakuhitaji mbinu zote hizi. Mary Collier alizaliwa karibu na Midhurst, Sussex, wazazi wake maskini wakamfundisha kusoma, akaishi kwa udobi na kutengeneza pombe huko Petersfield. Stephen Duck, kibarua mwenzake wa mashambani, alipotoa shairi lililodharau kazi za wanawake, Collier alimjibu mwaka 1739 kwa shairi lake kuhusu kazi ya mwanamke, na mwaka 1762 akaongeza maelezo mafupi ya maisha yake kwa kalamu yake mwenyewe. Hakuolewa, hivyo jina lake halikubadilika, na anajulikana kwa sauti kuliko wake wote wa vibarua wa enzi yake. Lakini hakuacha mtoto. Utafiti wa nasaba huanza kwa mjukuu na kupanda juu, na kwake hakuna mjukuu wa kuanza. Hilo halitofautishi Sussex na Andong, wala Lamu na Iceland: kote huko mwanamke asiye na uzao hubaki jina pembeni mwa tawi la kaka yake, na anayetaka kumpata lazima aache kutafuta mababu na aanze kutafuta watu.